Kapsuli Zilizobaki

4 Februari

Dada yangu,

Salamu zako, za shemeji na za Kibonge. Nilifika salama. Basi liliharibika njiani, tukakaa kwenye kivuli cha bango la sabuni tukimtazama dereva akigombana na utingo wake, kisha likawaka lenyewe kana kwamba limechoka kuwasikiliza. Mwenye nyumba wangu ananipa pole kila asubuhi, na kila asubuhi namjibu "nimeshapoa", kama mtoto aliyekaririshwa.

Nimerudi kazini tangu Jumatatu. Mkuu wetu wa maabara, yule mama anayevaa viatu vya kiume kwa sababu ya kusimama kutwa, alisema nipumzike wiki moja zaidi. Nilikataa. Chumbani kwangu kuna kitanda, kiti na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ningepumzikia nini?

Siku zote zile nilizokaa kwenu baada ya kumzika mtoto wetu Chiriku sikusema neno la maana. Nilibeba viti. Nikapanga viti. Nikarudisha viti kwa wenyewe. Hata sasa kalamu iko mkononi na sina cha kusema, kwa hiyo nitakueleza habari za kazi. Ukichoka, ruka.

Tumeletewa chombo kipya. Kina jina refu lakini sisi tunakiita beseni, maana ndivyo kilivyo: beseni la chuma lenye maji, limefungwa kwenye boksi lenye vitufe. Kazi yetu unaijua. Dawa zikiletwa, tunaangalia kama kilichoandikwa kwenye boksi ndicho kilichomo ndani. Watu wanadhani kupima ndiko kugumu. Hapana, kugumu ni kuitoa dawa. Kidonge si dawa tupu. Kuna unga wa kukishikilia, gundi, rangi. Zamani tulikuwa tunasaga, tunatia kwenye chupa yenye kimiminika, tunaiweka kwenye mashine ya kutikisa, tunangoja. Nyingine tuliziacha hadi kesho yake. Sasa chupa inakalishwa ndani ya beseni, na beseni linapiga mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyapati. Ni utrasaundi, dada, hiyo hiyo ya hospitali, ila yenye nguvu zaidi. Majini vinazuka vipovu vidogo mno, vinapasuka, na kila kinachopasuka kinauzaba ule unga kofi. Robo saa tu, dawa yote imekwisha kutoka. Kazi ya siku mbili inaisha kabla ya chai.

Hapo Chiriku angeniuliza maswali kumi. Naishia hapa.

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika, na Kibonge ameshachora gari juu ya bahasha. Sisi wazima. Yaani tunaamka. Kibonge anakula na anaoga kwa kelele kama kawaida yake. Shemeji yako anakwenda karakana, anachomelea mageti ya watu, anarudi, ananawa, analala akiutazama ukuta. Mimi nimerudi kwenye cherehani. Wiki hii nimeshona sare za shule tu, maana shule zimefunguliwa. Sijalia. Watu wakija wananikazia macho wakingoja, mpaka naona haya kama mgeni aliyekuja mikono mitupu.

Beseni lako lilinichekesha. Mimi utrasaundi naijua ya wajawazito. Nikawaza, kumbe vidonge vya siku hizi navyo vina mimba? Kicheko kilitoka kama chafya. Shemeji yako akageuka kunitazama, nikarudi kwenye cherehani.

Sasa nisikilize.

Unajua kwamba mtoto alikohoa, hospitali wakasema homa ya mapafu, wakaandika kapsuli, na kwa kuwa kwao zilikuwa zimekwisha tukanunua kwa Bwana Taratibu, duka la dawa la pale kona. Siku tano nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe. Ya sita baba yake akambeba kumrudisha hospitali, na hakurudi naye. Hayo unayajua. Usilolijua ni hili: watu wanasema kapsuli zile zilikuwa chaki. Aliyeanza kusema ni shemeji yako. Alisema mara moja, kwa sauti ndogo, mlangoni kwetu, na sasa mtaa mzima unasema. Anayeonekana akitoka kwa Bwana Taratibu na mfuko anaulizwa, "Umekwenda kununua za kuandikia ubaoni?" Na yule mzee unamkumbuka: miwani imefungwa kamba, kila mteja anaambiwa, "Taratibu, mama, soma kwanza ndipo umeze." Sasa anakaa nyuma ya kaunta akisoma yeye peke yake.

Kapsuli sita zilibaki. Nilizitia kwenye kopo la vifungo. Nakutumia kwa parseli ya basi, ndani ya soksi ya Kibonge. Zitie kwenye beseni lako.

Shemeji yako hajui. Usipige simu. Nyumba ni vyumba viwili na mwenzangu ana masikio ya popo. Tena kwenye simu utanizungusha, nakujua tangu ulipokuwa unaiba sukari na kusema ni sisimizi. Niandikie. Niambie zilikuwa chaki au hazikuwa chaki. Sihitaji maelezo mengine.

Dada yako

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumai mko salama nyote. Mimi sijambo, mafua kidogo tu. Mwenye nyumba amepaka ukuta rangi ya kijani, sasa dirisha langu linatazama kijani. Ni maendeleo.

Soksi ilifika. Nilimweleza mkuu, akaniruhusu kuzipima, alimradi kazi za ofisi zisilale. Nimezihifadhi mahali pakavu, kabatini, mbali na jua.

Ila kuna foleni, dada. Zimeletwa dawa nyingi kutoka kwenye maghala na zote zinasubiri. Beseni ni moja na sisi ni wengi. Halafu beseni lenyewe lina tabia zake. Likifanya kazi mfululizo maji yanapata moto, na dawa ya aina hii haipendi joto, inabidi tuweke barafu. Mambo kama hayo yanachukua muda. Vuta subira kidogo.

Vipi mgongo wako? Usishone ukiinama. Mweleze Kibonge kwamba gari lake limebandikwa juu ya meza yangu na mkuu ameuliza limesajiliwa wapi.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Mgongo haujambo. Ugua pole mafua.

Mwalimu wa darasa la Chiriku alileta sweta ambalo lilisahauliwa dawatini. Nilimkaribisha, akakataa kukaa, akaniachia. Nikalifua. Lilikuwa safi, nikalifua. Likakauka, nikalikunja, kisha sikujua huwa linawekwa wapi, ingawa miaka yote ni mimi niliyekuwa naliweka. Nimeliacha juu ya cherehani. Nikishona nalisogeza.

Alhamisi alikuja Bwana Taratibu. Alikuja mchana, miwani imening'inia kifuani, akasimama nje ya kizingiti. Shemeji yako alikuwa nyumbani kwa sababu umeme ulikatika karakana. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, mlango wa chumba uko wazi.

Mzee akasema, "Baba, sikuja kugombana. Naomba kapsuli moja, hata moja, kama ilibaki. Niipeleke mwenyewe serikalini wakaipime."

Shemeji yako akasema, "Hazikubaki."

"Hata moja?"

"Alimaliza. Alimaliza zote na akafa. Unataka nikufukulie?"

Mzee akaangalia ndani, akaniangalia mimi. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali. Nikakanyaga, nikashona. Nilishona mkono wa shati ukaenda ukapita, nikaendelea kushona hewa. Nilipoinua uso alikuwa ameondoka.

Nilikuwa nimekwisha kukutumia, kwa hiyo ni kweli kwamba ndani hamkuwa na hata moja. Nimejiambia hivyo. Lakini wewe unajua na mimi najua.

Usiku ule shemeji yako alikula vizuri. Alizungumza. Alisema atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa duka lile lifungwe. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipanga jambo la kesho. Nilimtilia mchuzi mara ya pili.

Foleni imefika wapi?

Dada yako

21 Aprili

Dada yangu,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua huku zimeharibu barabara, na barua yako ilinikuta nimesafiri kikazi siku chache. Afya yangu ni njema. Chakula nakula. Nimenunua taa ya meza.

Kuhusu ule mzigo, bado. Kimiminika tunachokitumia kimekwisha na agizo halijafika. Tena ile mashine inayopokea baada ya beseni, ile inayochora, inahitaji fundi. Ndivyo ofisi zilivyo.

Nimekuwa nikiwaza, kwa nini usije huku wiki mbili? Uje na Kibonge. Kitanda nitawaachia, mimi nitalala chini. Kuna bustani karibu na ofisi, kuna bembea. Utapumzika na mambo ya pale mtaani. Watu wakisema, waache waseme, mdomo ni nyumba ya maneno. Na shemeji kama amepata nguvu kidogo basi tumshukuru Mungu, hata kama nguvu zenyewe zimetoka mahali ambapo wewe na mimi tusingechagua.

Tafadhali usimseme vibaya yeyote kwa sasa. Wala usimtetee. Tulia tu.

Mdogo wako akupendaye

6 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima.

Duka limefungwa. Shemeji yako na vijana wawili wa karakana walikwenda na ngazi wakateremsha kibao. Mwenyekiti alikuwepo, akasema yeye amekuja kuhakikisha amani. Bwana Taratibu hakubishana. Alisimama upande wa pili wa barabara akiwa na boksi mkononi, na kibao kilipoanguka alisema, "Taratibu, mtaumia." Watu wakacheka. Nadhani hakukusudia kuchekesha.

Sasa tuje kwako.

Nimeisoma tena barua yako ya kwanza. Ulisema kazi ya siku mbili inaisha kabla ya chai. Ulijisifu mwenyewe, sikukuuliza. Kisha ikaja foleni. Kisha barafu. Kisha kimiminika, fundi, mvua, safari na bembea. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako wewe umeizungusha mpaka imefika bustanini. Tena umeniita mpendwa, ukajiita akupendaye. Tangu lini? Mimi ndiye niliyekulea mama alipokuwa amelazwa, nikakufundisha kufunga viatu. Ukivunja sahani ulikuwa unakuja kuniambia nimependeza.

Umeshajua. Umejua siku nyingi.

Siandiki kwa hasira. Hasira nimeitafuta, sijaiona mahali ilipo. Hapa kifuani pamekuwa kama mguu uliokaliwa: najua ni wangu, nikiufinya sisikii. Kwa hiyo usiogope kuniumiza. Niambie.

Dada

14 Mei

Dada,

Dawa ilikuwa nzima.

Nimeandika hilo kwanza kwa sababu nikianza na salamu nitapotea tena.

Soksi yako ilinifikia mwisho wa Februari. Nilizipima kesho yake mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Nilifungua kapsuli, nikapima unga kwenye mizani, nikautia kwenye chupa na kimiminika, nikakalisha chupa kwenye beseni, nikazungushia barafu. Ukiliwasha linanguruma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Nilisimama pale. Unga ulikuwa umelala chini ya chupa, mweupe, na kwa macho ungeweza kusema ni chaki kweli. Kisha ukaanza kuyeyuka kama moshi unaorudi ndani ya moto. Nikachuja, nikaupeleka kwenye ile mashine inayochora. Inachora mlima, dada. Dawa ikiwa pungufu, mlima unakuwa mfupi. Ikiwa imeharibika, vinaota vilima vingine pembeni. Wa kwetu ulipanda mpaka pale pale ulipofika mlima wa dawa tunayolinganishia. Hapakuwa na kilima cha pembeni. Nikachukua kapsuli nyingine, nikarudia tangu mwanzo, nikiomba niwe nimekosea. Unaelewa? Nilikuwa naomba iwe mbovu. Mlima ukapanda tena pale pale.

Kufikia saa tisa nilikuwa na jibu. Barua ya Machi niliiandika nikiwa nalo mfukoni. Foleni haikuwepo. Fundi hakuitwa.

Nilimuuliza daktari mmoja anayefanya kazi na ofisi yetu, bila kumtaja mtu. Alisema siku hizi kuna vijidudu ambavyo vimeizoea dawa hiyo, haiviwezi tena, na kwamba katika siku chache za mwanzo mtu hawezi kuvitambua kwa kumtazama mgonjwa. Hospitali waliandika dawa waliyopaswa kuandika. Duka liliuza dawa ya kweli. Wewe ulimpa kwa saa zake. Alisema, "Hakuna aliyekosea." Alilisema kwa upole, kama mtu anayekupa zawadi, na mimi nilitamani kumpiga.

Kwa nini sikusema? Siku ya mazishi nilimwona shemeji amejikunja kama waya. Kisha pale mlangoni akatamka lile neno la chaki (nilikuwa napita na viti, hukujua kwamba nilisikia), na nikaona mgongo wake unanyooka. Nikasema, hiyo ndiyo fimbo yake ya kutembelea. Nikimnyang'anya ataanguka, naye akianguka atakuangukia wewe. Nikasema nitangoja kidogo. Barua yako ya mchuzi ilipokuja nikaona nilifanya vyema. Wiki baada ya wiki nikasema wiki ijayo. Bwana Taratibu sikumwaza. Hata aliposimama kizingitini akiomba kapsuli moja, na nne zilizobaki ziko kabatini kwangu, sikumwaza yeye. Niliwaza kwamba wewe umeshona hewa.

Juzi mkuu aliniuliza, "Dawa za dada yako zilisemaje?" Nikamweleza yote. Akavua miwani. Akasema, "Beseni limekupa jibu kwa robo saa, halafu wewe umelikalia miezi kama kuku anayeatamia yai viza. Mzee wa watu amefunga duka. Kaandike leo. Muhuri nitagonga mimi." Humu ndani kuna karatasi ya majibu yenye muhuri. Ni ya Bwana Taratibu, au ya mwenyekiti, au ya yeyote utakayeona anafaa kuipata.

Nitakuja mwisho wa mwezi ujao nikipata ruhusa. Ukisema nisije, sitakuja.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Tumepokea barua na karatasi. Mgongo wangu haujambo. Shemeji yako yupo. Kibonge aliumwa lakini sasa anaendelea vizuri, homa imeshuka na jana amevunja kikombe. Hayo ya Kibonge nitayafikia.

Karatasi nilikaa nayo siku tatu. Nami niliatamia, usidhani ni wewe tu. Jumapili baada ya chakula cha mchana nikaiweka mezani, mahali ilipokuwa sahani ya shemeji yako.

Akasema, "Nini hii?"

Nikasema, "Kapsuli zilibaki sita. Nilizituma kwa mdogo wangu. Zimepimwa."

Akaisoma. Unajua anavyosoma, kidole kinatembea chini ya mstari. Alipofika kwenye muhuri akarudi juu, akasoma tena. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni nini?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna mtu."

Akakaa. Nilingoja aanguke, kama ulivyosema. Hakuanguka. Alichukua sahani zote mbili akaenda kuziosha, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu anioe, akaosha na sufuria, akaosha na kifuniko ambacho hakikutumika. Kisha akasema akiwa amenipa mgongo, "Nilimwambia nitamfukulia." Nikasema, "Ndiyo, ulimwambia." Akasema, "Na wewe ulikuwa unashona." Nikasema, "Ndiyo, nilikuwa nashona."

Kesho yake jioni tulikwenda kwa Bwana Taratibu, mimi na yeye, na Kibonge kwa sababu hakuna wa kumwachia. Anakaa nyuma ya mtambo wa kusaga nafaka, na vumbi la unga limetanda mpaka kwenye mapazia. Sebule yote ni maboksi ya duka. Alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja kilichobaki wazi, anakagua tarehe kwenye boksi. Hakusimama.

Shemeji yako akampa karatasi. Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu kama unavyojua, kisha akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Akasema, "Haya nilikuwa nayajua."

Shemeji yako akasema, "Mzee, nimekukosea."

"Siku ya msiba nilikuja na kopo lile lile nililowatolea dawa. Nilimeza kapsuli mbele yenu. Mnakumbuka? Mkasema naigiza."

Mimi sikukumbuka. Naapa sikukumbuka, na nilikuwa nimekaa pale pale. Shemeji yako akasema, "Nakumbuka."

"Kibao changu kiko wapi?"

"Karakana. Nitakirudisha mwenyewe. Nitakipachika kesho."

"Kimepinda?"

"Kona moja. Nitainyoosha."

Mzee akatikisa kichwa. Sikujua kama ni ndiyo au ni hapana. Akasema, "Watu waliokiona kikishuka watataka kukiona kikipanda. Usikipachike alfajiri. Kipachike mchana, sokoni pakiwa pamejaa." Shemeji yako akaitikia. Mzee hakutukaribisha viti, na havikuwepo. Hakusema amesamehe, nami sikutegemea aseme.

Tulikuwa tunageuka tutoke ndipo Kibonge akakohoa. Alikuwa amekohoa tangu asubuhi, nami nilikuwa nasikia na sisikii. Unanielewa? Kikohozi kilikuwa kinapita sikioni kama mlio wa cherehani. Mzee akainuka kwa mara ya kwanza, akampa Kibonge mkono kama mtu mzima mwenzake, kisha akaweka ule mkono kwenye paji lake.

"Tangu lini?"

Nikasema, "Tangu leo." Kisha nikasema, "Au jana. Sijui."

"Mpelekeni hospitali sasa hivi. Mimi sitampa kitu mpaka daktari amguse."

Baba yake alikuwa ameshambeba. Nikawatazama, yule baba na vile alivyombeba, nikabaki kizingitini. Mzee akavaa makubadhi, akafunga mlango, akatembea nasi. Penye mtaro alisema, "Angalia hapo."

Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Akasema homa ya mapafu imeanza lakini tumewahi, na turudi baada ya siku mbili, hata kama amepona turudi, akikohoa vile vile atabadilisha dawa. Akaandika. Nikaisoma karatasi nikiwa bado mbele yake. Ilikuwa ile ile, ila ya watoto, ya unga wa kuchanganya na maji. Dirisha la dawa la hospitali lilikuwa limefungwa.

Mzee akanyoosha mkono, nikampa ile karatasi. Tukarudi kwake. Alihamisha maboksi matano kulifikia moja. Akanionyesha tarehe, akanionyesha muhuri wa kifuniko kuwa haujafunguliwa, akachemsha maji, akayaacha yapoe, akayapima, akatikisa chupa mbele yangu. Hapakuwa na haraka hata kidogo. Shemeji yako alisimama mlangoni na mtoto begani, akiifuata chupa kwa macho. Mzee akanipa kijiko.

"Hapa, mama, au nyumbani?"

Nikasema hapa.

Nilijaza kijiko mpaka kwenye mstari. Kibonge akafumba macho kwa nguvu kama anayengoja kofi, akafungua mdomo, akameza. Kisha akafumbua jicho moja.

"Mama, ndiyo aliyokunywa Chiriku?"

Hakuna aliyelitamka jina hilo mbele ya Bwana Taratibu tangu siku ile. Nikasema, "Ndiyo. Ndiyo hiyo."

Akalamba midomo. Akasema, "Mbona tamu?"

Kijikoni lilikuwa limebaki tone. Nikaliweka ulimini, nikasimama nalo pale katikati ya maboksi. Kweli ilikuwa tamu. Ndipo nikalia, mdogo wangu, nikalia mpaka mzee akaniachia kile kiti.

Njoo mwisho wa mwezi.

Dada yako